Mwenye Ufunguo wa Ghala la Silaha

Baba yangu aliniambia mbele ya mama, mbele ya wanangu wawili waliokuwa wakichambua samaki wa Kalokol kwa vidole: "Hawa watoto ni wangu. Bado si wa mume wako."

Hakuwa akitukana. Alikuwa akitaja sheria. Kwetu Waturkana mwanamume anaweza kuishi na binti yako miaka kumi, akamwezekea nyumba ya mabati, akafunga naye ndoa kanisani na cheti kikapigwa muhuri, lakini kama hajaleta mifugo mbele ya wazee na kumchoma mkuki fahali wa harusi nyumbani kwa baba mkwe, watoto ni wa ukoo wa mama yao. Mwaka ule baba alikuwa akikohoa vibaya. Nilijua anachowaza: akiondoka yeye kabla ya fahali kuchomwa, kaka zangu ndio watakaokuwa wenye watoto wangu. Kaka zangu nawajua, na siwezi kuwaachia hata kuku.

Mume wangu si wa huku. Alivuka mpaka wa Nadapal kwa miguu, akiwa na shati moja na bakuli la bati. Kwao ni watu wa ng'ombe kama sisi, na lugha yao na yetu ni ndugu, neno humpotea mtu hapa na pale tu. Alikuwa askari wa jeshi la nchi yake. Aliniambia kwamba askari wa kikosi chake waliasi, watu wengi wakafa, na kwamba siku yenyewe yeye alikuwa likizo. Nilimwamini. Nani anamhoji mtu kuhusu likizo?

Nilimkuta Kakuma, kambi ya wakimbizi, kwenye shule ninayofundisha, akiwa mlinzi wa lango. Kila jioni mwalimu mkuu alimpa shada la funguo za madarasa na stoo, na kila jioni alikataa. "Weka kwako, mwalimu. Mimi nitalinda nje." Mwalimu mkuu alimsifu kwa uaminifu hata mkutanoni. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka: tangu lini mlinzi akaogopa funguo? Nikaanza kumtania kila nikipita langoni, na utani ukawa chai, na chai ikawa hawa watoto wawili. Basi ndivyo tulivyoanza, sina hadithi nyingine ya kuipamba.

Aliposikia maneno ya baba hakubisha. Alikuwa ameshaanza kununua mbuzi mmoja mmoja, wakifugwa na binamu yangu upande wa Lopur, na ngamia wawili waliokuwa wakimuumiza kichwa kuliko watoto. Mifugo ingepatikana. Tatizo lilikuwa watu. Mtu hachomi fahali peke yake kama mchawi. Lazima aje na baba yake, na kama baba amekufa, mwanamume wa ukoo wake asimame mahali pa baba na mke wake asimame mahali pa mama. Rafiki hafai. Mchungaji wa kanisa hafai, hata akivaa kanzu tatu.

"Mimi hapa kambini sina mtu wa ukoo," mume wangu alisema. Kiswahili chake alikiokota kambini, kwa Wakongo na Wasomali na kwa vijana wa sheng, na hakukipanga. "Watu yangu yote ilibaki kule."

Mimi ni mwalimu. Mtu akiniambia hakuna, naenda kuhesabu mwenyewe. Nilimuuliza mama wa mwanafunzi wangu mmoja, naye akanielekeza kwa mzee anayeziba mitungi ya plastiki iliyotoboka, mtaa wa mbali kabisa wa kambi, wa ukoo uleule wa mume wangu. Nilifurahi kama niliyeokota dhahabu. Mume wangu alikuwa hapiti mtaa ule. Alisema maji ya bomba la kule yana chumvi. Nilichukua hilo nalo kama nilivyochukua la funguo, nikacheka.

Kosa langu ni hili. Nilikwenda kwa mzee Jumamosi bila kumwambia mume wangu, na nikabeba tumbaku. Kwetu tumbaku si zawadi ya hivihivi. Mzee akiipokea na kuitia mdomoni kabla hujasema shida yako, amekubali kukusikiliza. Akiendelea kuitafuna baada ya kuisema, amekubali shida yenyewe. Nilitaka kumfunga kabla hajapata nafasi ya kukataa. Baba yangu alinifundisha ujanja huo na nilijivunia sana.

Mzee alikuwa amekaa nje ya nyumba yake ya udongo, na jiko la mkaa, na kisu kilichokuwa motoni. Alikitoa kisu, akayeyusha kipande cha plastiki juu ya tundu la mtungi, akakibandika, akapuliza. Mkewe, mwanamke mrefu mwenye ukungu machoni, alinipapasia kiti. "Ejok," nikawaamkia. "Ejok-noi," wakaitikia. Mzee akapokea tumbaku, akaikata, akaitia shavuni.

Nikaeleza. Kwamba nina mume wa ukoo wake, kwamba baba yangu huko Lodwar anataka baba wa kusimama naye, kwamba mifugo ipo. Mzee akauliza mume wangu anaitwa kwa ng'ombe gani, maana kwao kama kwetu mwanamume huwa na fahali anayemwimbia na watu humwita kwa fahali huyo. Nikamtaja: yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda mbele. Nilimtaja kwa mbwembwe, kama ninayetambulisha waziri.

Mzee akaacha kutafuna. Akamgeukia mkewe, akamtuma kwa jirani kuazima ungo. Mama alipokwisha kutokomea akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Alikuwa na ufunguo."

"Ufunguo gani, baba?"

"Muulize yeye. Tumbaku nimeshakula, mwanangu, siwezi kuitapika. Nitakuja kwa baba yako. Lakini kwanza yeye aje hapa, aseme kwa mdomo wake alimpa nani ule ufunguo, na kijana wangu wa kumzaa, askari mwenzake, alikuwa wapi."

Nilirudi kwa miguu njia nzima, jua la saa saba likinichoma utosi. Kufika nyumbani nikamkuta mume wangu anamkata mtoto kucha. Nikamuuliza mbele ya mtoto, sikuweza kungoja. Aliweka wembe chini. Hakujitetea hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko uongo wenyewe.

"Sikuwa likizo," alisema. "Mimi ndiyo nilipea wao ufunguo."

Alinieleza siku ile na siku zilizofuata, vipande vipande, nami nitavipanga hapa maana yeye hajui kuvipanga. Alikuwa sajini, mtunza ghala la silaha katika kambi ya jeshi ya mji mdogo wa kwao. Mambo yalianza na viatu. Viatu vipya vilikuja kwa lori, vikatosha nusu ya kikosi, na nusu ile ikawa watu wa kabila la kamanda. Wengine waliambiwa wasubiri, wakasubiri masika na kiangazi, wakipiga gwaride na ndala za matairi. Kisha wakashambuliwa njiani, na gari lililokwenda kuchukua majeruhi likachukua wale wa viatu vipya kwanza na kusema litarudi. Lilirudi siku ya tatu. Mume wangu alisema harufu ya maiti ndiyo iliyoasi, si watu.

Kamanda aliposikia manung'uniko, badala ya kukaa na watu wake, aliamuru bunduki za nusu ile yenye hasira ziingizwe ghalani "zikaguliwe." Hapo uvumi ukazuka: tunanyang'anywa ili tuuawe. Nilimuuliza mume wangu kama ulikuwa kweli. Akasema hajui mpaka leo, na wote ambao wangejua wamekufa. Asubuhi wakapanga mstari uwanjani, wakaamriwa wageuke kulia, hakuna aliyegeuka. Wakaja kwake wamejipanga vizuri, wakampigia saluti. Wakamwomba ufunguo kwa adabu.

"Nilifikiri watachukua tu na kuenda nyumbani," alisema. "Hata mimi nilikuwa na ndala."

Kabla ya adhuhuri kamanda alikuwa amekufa, wapishi wamekufa, na waliokuwa na viatu vipya na waliokuwa na ndala wamelala pamoja. Baada ya wiki jeshi kubwa likaja kulipiza, likawakosa askari, likachoma nyumba za mama zao. Mama wa mume wangu alikufa njiani akikimbia. Waasi nao waligawanyika juu ya nani ni mkubwa, wakaanza kuuana kwa bunduki zilezile alizozitoa yeye. Wengi kati ya waliompigia saluti hawakufika mwezi wa pili.

Darasani kwangu mtoto akipewa insha ya vita lazima aanze na wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Nimetoa alama kwa methali hiyo miaka mingi. Juzi mtoto mmoja aliiandika nikashindwa kuitia vema, nikakaa nayo mkononi, maana nilikuwa nimelala miaka na mtu ambaye alikuwa nyasi na tembo siku moja. Nilimpa alama zake hatimaye. Kosa halikuwa lake.

Siku nne sikusema na mume wangu. Nilimtumia ujumbe kwa watoto naye amekaa hatua mbili: "Mwambie baba yako chai imeiva." Watoto waliona ni mchezo. Mimi nilikuwa nikilia jikoni na kusingizia moshi. Nililia kwa kudanganywa, nikalia pia kwa vile vicheko vyangu vya langoni, nikimtania mtu kwa kuogopa funguo.

Siku ya tano akasema, "Tuache harusi. Baba yako achukue watoto. Pengine ni haki."

Hapo ndipo hasira zangu zilipopata kazi. Nilimwambia kwamba haki ya aina hiyo akajinyonge nayo mwenyewe, wanangu wasitolewe sadaka. Kwamba watoto wakikua bila ukoo wake, basi waliokufa kule wamezidi kufa. Nilisema mengi, mengine sikuyamaanisha. Akavaa shati lake la kanisani akasema, "Twende pamoja. Peke yangu nitapotea njia." Njia yenyewe imenyooka kama rula.

Mzee alikuwa amemtuma mkewe kwenye mazoezi ya kwaya. Mume wangu hakukaa kitini, alichuchumaa mchangani. Akasema yote niliyoyasikia na moja ambalo sikulisikia. Mtoto wa mzee alikuwa karani wa ghala, ndiye aliyeandika namba za bunduki. Askari walipokuja, karani alisimama mlangoni akamshika mume wangu mkono uliokuwa na ufunguo.

"Alisema nini?" mzee akauliza.

"Alisema usiwape. Alisema wakishika hizi leo, hakuna atakayezirudisha."

"Nawe?"

"Nikautoa mkono wake."

Kisu kilikuwa kimewekwa motoni kikawa chekundu, hakuna aliyekitoa.

"Walimpiga risasi palepale mlangoni," mume wangu akasema. "Ya kwanza. Alikuwa wa kwetu, wa ukoo wetu, na wakampiga kwa sababu alikuwa anazuia mlango. Hatukumzika. Tulikimbia. Nisamehe, baba."

Mzee aliuliza mvua ilinyesha lini baada ya hapo, na kama kulikuwa na fisi upande ule. Nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu alijibu yote mawili kwa ukweli, na mzee akatikisa kichwa kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa amekwisha kuukadiria uzito.

"Nilisikia amekufa," akasema. "Nilisikia kwa watu watatu, kila mmoja na lake. Nilitaka la aliyeona. Sasa nisikilize. Mama yake nimemwambia amepotea, alikimbilia magharibi. Mimi na yule mwanamke tumezika watoto watatu, wa nne hatamweza. Mwache mtoto wake abaki amepotea. Nitakuja Lodwar, na mke wangu atakuja, maana hakuna baba wa bwana harusi bila mama. Lakini mdomo wako uufunge mpaka mmoja wetu afe."

"Nitaufunga, baba."

"Usiniite hivyo leo. Utaniita siku hiyo."

Harusi ilifanyika nyumbani kwa baba, nje ya Lodwar, karibu na mto Turkwel, watu wakila kivuli zaidi ya nyama. Binamu yangu alileta mbuzi kutoka Lopur, ngamia wale wawili wenye viburi, na fahali wa kuchomwa. Mjomba wangu kutoka Lokori alilalamikia kila mnyama, kama inavyotakiwa. Asipolalamika mtu huonekana binti yenu hamumtaki. Mzee wetu wa mitungi alijibu kila lalamiko kwa utaratibu na heshima, akiwa na fimbo na blanketi jipya, na wazee wa kwetu wakanong'ona kwamba huyu sasa ni mtu wa kwao kweli.

Baba yangu akauliza mbele ya watu wote: "Huyu anayetaka kuchoma fahali nyumbani kwangu ni nani wako?"

Nilimwangalia mzee. Alimeza mate kama anayemeza dawa bila maji.

"Mwanangu," akasema.

Mume wangu alichoma fahali vizuri, kwa mkuki mmoja. Wanawake wakapiga vigelegele. Mke wa mzee alinipaka mafuta na udongo mwekundu mabegani kwa viganja vyake vikavu, akiimba wimbo wa kwao, na kwa sababu haoni sawasawa alinipaka mpaka masikioni. Nilicheka, naye akacheka. Nilimpenda palepale, na nikajichukia palepale. Baba alikuwa akikohoa na kutabasamu. Wanangu walikuwa wamepata baba yao.

Alasiri, watu wakiwa wameshiba na kulegea, mama yule alimwita mume wangu akaketi karibu naye. Akampapasa uso, paji, pua, kidevu, kama mtu anayechagua kibuyu sokoni.

"Nimeambiwa ulikuwa askari kule kwetu," akasema. "Kambi ile ile ya mwanangu. Ulimwona?"

Mzee alikuwa akikata nyama hatua chache kutoka hapo. Kisu kikasimama. Nami nilikuwa nimeshika bakuli la maziwa, nikaliweka chini.

"Nilimwona, mama," mume wangu akasema. "Asubuhi ile alikuwa mzima. Alikuwa mlangoni kwa ghala."

"Halafu?"

"Halafu risasi zikalia. Kila mtu akakimbia."

Hapakuwa na uongo ndani ya maneno yake, na sijapata kusikia maneno mabaya kuliko hayo. Yule mama akapiga makofi mara moja, akainua uso kwa Mungu. Alisema amekuwa akiomba miaka yote apate mtu mmoja tu anayemjua mwanawe kwa sura, maana yeye macho yamekwisha, na mumewe hawezi kutembea mbali. Watu wapya wanaletwa kila wiki kutoka mpakani. Nani angemtambua akishuka? "Sasa Mungu amenipa mtoto wa kumtafuta mtoto," akasema. "Wewe utakuwa unakwenda kunitazamia."

Mume wangu alimtazama mzee. Mzee alitazama nyama. Na yule mama, kwa vile alikuwa mama yake mbele ya wazee wote wa Lodwar, tena siku ileile, hakuwa mtu wa kukataliwa.

"Nitaenda, mama," akasema.

Baba yangu alifariki kabla ya mvua, na kaka zangu hawakuwa na la kusema juu ya watoto wangu. Wanaandikwa shuleni kwa ukoo wa baba yao. Nilipata nilichokitaka, na nikiulizwa tena kama ningekwenda kule na tumbaku, siku nyingine nasema ndiyo, siku nyingine naondoka mahali hapo bila kujibu.

Kila wiki, magari yakileta watu kwenye kituo cha mapokezi, mume wangu huomba ruhusa langoni, huenda kusimama kando ya uzio. Huangalia kila uso unaoshuka mpaka wa mwisho. Kisha hutembea hadi mtaa ule wa mbali, huchuchumaa mbele ya yule mama na kumwambia, "Leo hakuwemo." Naye humjibu, "Haya, mwanangu, wiki ijayo," na humpa uji. Mzee huwa hapohapo, akiziba mitungi. Nilipata kumwambia mume wangu aache kwenda kituoni, amtume mtu amwambie tu yule mama kwamba amekwenda. Alinijibu kwamba akisema amekwenda lazima awe amekwenda, huyo mama hatamwambia uongo.

Jana alirudi saa za magharibi, viatu vimejaa vumbi. Nilimuuliza kama walioshuka walikuwa wengi. Akasema walikuwa wengi sana, na kwamba kijana mmoja alifanana na yule karani, mwendo na mabega, mpaka akajikuta ameshika uzio kwa mikono miwili anamwita kwa jina.